Katharine Cook: Muuguzi aliyeanzisha shule ya wakunga pale Mengo

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, wazazi wa hapa Masaka, hii yetu ya Kicukiro na si ile ya Uganda, huniuliza swali lile lile. Je, binti apelekwe chuo cha uuguzi? Au asomee usaidizi wa daktari wa meno, maana wamesikia kwamba huko kuna kazi? Wengine huuliza kwa sauti ya msiba, kana kwamba uuguzi ni makombo ya yule aliyekosa nafasi ya udaktari.

Swali lenyewe si la ajabu. Masaka imebadilika. Tangu hospitali yetu iliyojengwa kwa msaada wa China ilipofunguliwa mwaka 2011, watoto wamekua wakiona makoti meupe kila siku. Mwaka 2023 kikafunguliwa hapa hapa kituo cha IRCAD Africa cha kufundishia upasuaji wa tundu dogo, na hospitali yenyewe ikaingizwa katika upanuzi mkubwa ili iipokee CHUK. Kijana wa hapa akiota kazi ya afya, anaota kitu anachokiona kwa macho.

Mimi ni mwalimu, si daktari. Lakini wazazi wanaponiuliza, huwasimulia habari za mwanamke mmoja ambaye jina lake nililisikia nikiwa mwanafunzi uhamishoni. Familia yetu ilifukuzwa Mbarara mwaka 1982, enzi za Obote, tukavuka mpaka hadi Kagera, Tanzania. Huko nikasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sekondari nikarudi Uganda, Kampala, na mwaka 1996 nikaja nyumbani Rwanda. Aliyesoma Kampala hawezi kukwepa jina la Cook. Maktaba ya chuo cha udaktari cha Makerere inaitwa kwa jina la Albert Cook, na Hospitali ya Mengo, aliyoianzisha, ipo katika kilima cha Namirembe hadi leo. Wanaomkumbuka mkewe, Katharine, ni wachache zaidi. Ndiye ninayetaka kumzungumzia leo.

Katharine Timpson alizaliwa Uingereza mwaka 1863. Ili kumwelewa ni lazima kwanza tuelewe uuguzi ulikuwa nini wakati huo. Miaka mitatu tu kabla ya kuzaliwa kwake, yaani 1860, Florence Nightingale alikuwa amefungua shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London. Kabla ya hapo, jamii ya Waingereza iliuona uuguzi kuwa kazi ya wanawake maskini waliokosa kazi nyingine, na watu wa heshima hawakutaka kusikia binti yao yuko wodini. Dharau ninayoisikia kwa baadhi ya wazazi wetu, kwa hiyo, si ngeni duniani. Hata wenzetu waliianza nayo.

Katharine alipata mafunzo yake ya uuguzi katika Hospitali ya Guy's, London, mojawapo ya hospitali kubwa za jiji hilo. Huko alijifunza kazi kwa njia iliyokuwa mpya kwa kizazi chake: saa za darasani na saa za wodini, chini ya macho ya aliyekutangulia. Baadaye akajiunga na CMS, chama cha wamisionari wa Kanisa la Anglikana, na mwaka 1896 akawa katika msafara uliopangwa kwenda Uganda. Katika msafara huo alikuwamo pia daktari kijana, Albert Cook.

Ikumbukwe kwamba reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa Mombasa mwaka huo huo wa 1896. Haikufika Kisumu hadi mwaka 1901. Kwa hiyo msafara ulitoka pwani kwa miguu, pamoja na wapagazi waliobeba mahema, chakula na masanduku ya dawa. Safari ya kutoka Mombasa hadi Mengo ni zaidi ya kilometa elfu moja, na iliwachukua miezi kadhaa. Walifika Februari 1897.

Walipofika hawakukuta hospitali. Kazi ilianza kwa zahanati, na katika mwaka huo huo wa 1897 likajengwa jengo la kwanza la wagonjwa, la miti, matete na nyasi. Katharine akawa mkuu wa wauguzi, kazi aliyoishika hadi mwaka 1911. Albert alipasua na kuandika dawa; kila kitu kilichobaki, kuanzia shuka, maji ya moto, chakula cha wagonjwa, hadi nani akeshe usiku, kilikuwa mikononi mwa metroni. Anayejua hospitali anajua kwamba mgonjwa hupona au hufa katika hivyo vilivyobaki.

Wawili hao walifunga ndoa mwaka 1900. Mwaka uliofuata Albert, akishirikiana na ndugu yake Jack ambaye naye alikuwa daktari, alitambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Ugonjwa huo ulienea katika mwambao wa Ziwa Victoria na Busoga, na inakadiriwa kwamba katika miaka ishirini ya mwanzo ya karne ile uliua zaidi ya watu 250,000.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka 1902 radi ilipiga hospitali na moto ukaiteketeza. Watu wengine wangefunga mizigo. Hospitali ikajengwa upya, safari hii kwa matofali, ikafunguliwa mwaka 1904.

Miaka ikapita, na hospitali ikabaki na tatizo moja ambalo majengo hayakuweza kulitatua. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko mikono. Wauguzi waliotoka Uingereza walihesabika, wengine waliugua, wengine walirudi kwao. Na hata wangekuwa mara kumi ya idadi hiyo, wasingeweza kufika katika kila kijiji ambako mama alikuwa akijifungua. Mama hasubiri meli ya kutoka London.

Ndipo likaja wazo ambalo leo linaonekana la kawaida: kuwafundisha wenyeji. Mwaka 1917, wakati Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea na Mengo ikihudumia majeruhi na wapagazi wagonjwa, Albert alianza mafunzo ya wasaidizi wa tiba wa Kiafrika. Mwaka 1918 Katharine akaanzisha shule ya wakunga. Baadaye shule ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana Robert Coryndon aliyetawala Uganda kuanzia 1918 hadi 1922, na jengo lake likafunguliwa mwaka 1921.

Hapa inabidi tuseme ukweli wote, maana historia ya sifa tupu haimfai mwanafunzi. Shule ile ilizaliwa ndani ya kampeni ya kupambana na kaswende na kuhimiza maadili. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeaminishwa, hasa na ripoti ya daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, ya mwaka 1908, kwamba sehemu kubwa ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba hesabu zile zilitiwa chumvi, na kwamba buba na magonjwa mengine ya ngozi yalichanganywa na kaswende. Wamisionari, wakiwamo akina Cook, waliyapokea madai hayo na kuyaeneza, na lawama nyingi zikaangukia wanawake wa Kiganda. Nia ya kuokoa watoto ilikuwa ya kweli. Dharau iliyoandamana nayo ilikuwa ya kweli pia.

Hata hivyo, kilichojengwa juu ya msingi huo kilidumu kuliko msingi wenyewe. Na mimi kama mwalimu, kinachonivutia ni jinsi shule ilivyoendeshwa.

Kwanza, wasichana waliochukuliwa walikuwa wamekwisha kujua kusoma na kuandika. Hili liliwezekana kwa sababu shule za misheni za wasichana, kama ile ya Gayaza iliyoanza mwaka 1905, zilikuwa zimetangulia. Hakuna chuo cha wauguzi kinachoota hewani. Nyuma yake kuna mwalimu wa shule ya msingi.

Pili, shule ilikuwa ndani ya hospitali. Msichana hakujifunza kuzalisha kwa kuangalia ubao. Alisimama kando ya mama, akaona, akashika, akasahihishwa. Alifundishwa kunawa mikono na kuchemsha vyombo, kukata kitovu kwa kifaa safi ili mtoto asipate pepopunda, kuhakikisha kondo la nyuma limetoka lote, na kutambua mapema hatari inayomzidi uwezo ili mama apelekwe kwa daktari. Mambo haya si makubwa kwa kuyasoma. Lakini kila moja lina kaburi lake pale linapoachwa.

Tatu, somo lilitolewa kwa lugha ya watu. Albert Cook aliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, kilichochapishwa miaka ya 1920. Fikiria, ndugu msomaji: karne moja iliyopita binti wa Kiganda alisoma habari za mfuko wa uzazi na mshipa wa damu katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mimi niliyebadilishiwa lugha ya shule kila nilipovuka mpaka najua maana yake. Mtoto anaweza kukariri neno la kigeni na kupata maksi. Usiku wa manane, mama anapovuja damu, haitaji maksi; anahitaji mkunga aliyeelewa.

Nne, kulikuwa na mtihani na cheti, na cheti kilikuwa na maana. Aliyefaulu alipangiwa kituo cha wazazi kijijini, vituo vilivyopata msaada wa serikali na wa utawala wa Buganda. Na Katharine hakuwaachia hapo. Baada ya kuacha kazi ya metroni alikuwa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo vya vijijini.

Haikuwa rahisi kwa mabinti wale. Nchi ilikuwa imezoea kwamba uzazi ni kazi ya mama mtu mzima, aliyekwisha kuzaa, anayejua mitishamba na mila za ukoo. Ghafla anatumwa kijijini msichana asiyeolewa, anaishi mbali na wazazi wake, anapokea mshahara, na anawaambia wanawake wa makamo ya mama yake wachemshe maji. Masharti ya maadili waliyowekewa na misheni yalikuwa makali. Lakini ndio waliobeba jambo zima. Katharine alianzisha shule. Waliozalisha watoto wa Buganda gizani, kwa taa ya mafuta, ni hao wasichana ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote.

Wala Mengo haikuwa peke yake. Upande wa Wakatoliki, katika kilima cha Nsambya, Mama Kevin, mtawa wa kutoka Ireland aliyefika mwaka 1903, alikuwa akijenga hospitali na mafunzo kwa njia yake. Vilima viwili vya Kampala, makanisa mawili yasiyopendana sana wakati huo, na wote wakafikia uamuzi ule ule: fundisha mabinti wa hapa.

Heshima ya akina Cook ilipanda hadi ikulu. Mwaka 1924, Edward Mutesa, ambaye baadaye alikuwa Kabaka Mutesa wa Pili na rais wa kwanza wa Uganda, alizaliwa nyumbani kwao Makindye. Mwaka 1932 Albert alipewa cheo cha Sir na mfalme wa Uingereza, na Katharine akaitwa Lady Cook. Alifariki dunia mwaka 1938, akiwa ametumikia Uganda kwa miaka zaidi ya arobaini. Mumewe alimfuata mwaka 1951 na akazikwa Namirembe, kwenye kilima kile kile walichokipanda pamoja wakiwa vijana.

Msomaji wa Rwanda anaweza kuuliza, sasa hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Madaktari wawili Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifanya kazi Mengo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kutoka hapo walifungua kazi ya misheni Kabale mwaka 1921, kisha wakavuka kuingia Rwanda, ambako Gahini ilianzishwa mwaka 1925. Hospitali ya Gahini, ambayo wengi wa Mashariki ya nchi yetu wamezaliwa humo, ni mjukuu wa Mengo. Ulezi wa wagonjwa ulioingia kwa mlango huo ulikuwa na alama ya vidole vya Katharine Cook.

Nchi yetu nayo imepitia njia yake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wauguzi wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Mwaka 1996 ikaanzishwa Kigali Health Institute, iliyofundisha wauguzi, wakunga, matabibu wa meno na fani nyingine, na mwaka 2013 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2007 serikali iliamua kusimamisha mafunzo ya wauguzi wa ngazi ya sekondari, A2, na kuimarisha shule za ngazi ya juu zaidi, zikiwamo za Kabgayi, Rwamagana, Byumba, Kibungo na Nyagatare. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga. Kuanzia mwaka 2021 mafunzo ya wauguzi wasaidizi yakarudishwa katika baadhi ya shule za sekondari, kwa mtaala mpya.

Matunda yameonekana. Mwaka 2000, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 1,071 walikufa kwa sababu za uzazi. Utafiti wa taifa wa 2019-20 ulionyesha idadi hiyo imeshuka hadi 203, na zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanazaliwa katika vituo vya afya. Tofauti ya namba hizo mbili ni mama wa mtu. Barabara na bima ya mituelle zimesaidia. Lakini barabara haizalishi mtu. Mwisho wa barabara lazima awepo mkunga aliyefundishwa vizuri.

Shangazi yangu alikuwa muuguzi. Alisoma uhamishoni, akawahudumia wakimbizi kwa miaka mingi, na aliporudi nyumbani na cheti chake, ofisi moja ikamwambia kwamba karatasi ile haijulikani hapa. Alikaa miaka miwili akiuza vitenge sokoni huku zahanati ya jirani haina muuguzi wa zamu ya usiku. Mikono ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mhuri. Baadaye alifanya mtihani upya, akafaulu, akarudi wodini hadi alipostaafu. Lakini miaka ile miwili hakuna aliyemrudishia.

Ndiyo maana wazazi wanaponiuliza habari za vyuo, huwa siwaambii kwanza uuguzi ni mzuri au usaidizi wa meno ni mzuri. Nawaambia waende chuoni na waulize maswali yale ambayo shule ya Katharine Cook ingeweza kuyajibu mwaka 1921.

Wanafunzi wanafanyia mazoezi wapi? Chuo cha uuguzi kisicho na makubaliano na hospitali yenye wagonjwa ni darasa tu. Hali kadhalika kwa wasaidizi wa meno: anayetaka kujifunza kuandaa kiti, kuchemsha na kupanga vyombo, kumtuliza mtoto anayeogopa sindano ya ganzi na kumpa daktari koleo sahihi kwa wakati sahihi, lazima awe karibu na kiti chenye mgonjwa. Hilo halifundishiki kwa picha.

Nani anawasimamia? Muulize mwalimu ameacha lini kushika mgonjwa. Je, cheti kinatambuliwa na baraza husika, na aliyemaliza anaweza kupewa leseni? Swali hili liulizwe kabla ya ada ya kwanza kulipwa, si baada ya mahafali. Na mwisho, mwanafunzi anaelewa anachofundishwa? Kama hawezi kumweleza bibi yake kwa Kinyarwanda kwa nini jino lililooza linaweza kuleta usaha kwenye taya, au kwa nini mama mwenye shinikizo la damu asijifungulie nyumbani, basi hajajifunza bado, hata kama ameandika Kiingereza kizuri.

Wapo watakaosema kwamba usaidizi ni kazi ndogo. Nawakumbusha kwamba mabinti wa Mengo nao waliitwa wasaidizi. Daktari mmoja alikuwa kilimani. Wao walikuwa vijijini, mmoja mmoja, kila mmoja na beseni lake, sabuni yake na daftari lake la watoto waliozaliwa. Waliotembea kutoka Mombasa wanakumbukwa kwa majengo na maktaba. Hao wengine wanakumbukwa na koo zilizoendelea kuwapo.

Binti anayeingia chuo cha uuguzi mwaka huu, hapa Kigali au Rwamagana au Byumba, anaingia katika mstari huo. Aingie kichwa juu. Na sisi wazazi na walimu tuhakikishe chuo anachoingia kina wodi, kina mwalimu, na kina mhuri utakaotambuliwa siku atakapouhitaji.